Usaili ni Jumatatu, na leo ni Alhamisi usiku

Swali: "Mimi ni daktari, nafanya kazi katika hospitali moja hapa Mombasa. Nimeomba mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kupeleka maombi, na hadi sasa nimeitwa kwenye usaili saba, wote kwa video. Jumatatu, tarehe 8 Desemba, nina usaili na programu moja ya Ohio niliyoikubali tangu Oktoba. Jana programu ya Maryland, iliyokuwa imeniweka kwenye orodha ya kungojea, imenipa nafasi siku hiyohiyo na saa zilezile. Kaka yangu anaishi Maryland. Leo ni Alhamisi, saa mbili usiku. Mwenzangu mmoja ananiambia nikighairi chini ya wiki mbili nitaripotiwa nifungiwe Match, ule mpango unaowapanga madaktari kwenye nafasi za mafunzo. Mwingine asema nidai nimefiwa. Mume wangu asema kwa kuwa ni video nisiingie tu, watadhani stima imepotea. Tena nina rafiki Likoni anayeitaka sana hiyo Ohio na hakuitwa. Je, naweza kumwachia nafasi yangu? Nifanyeje nisijiharibie jina?"

Jibu:

Dada daktari, umeuliza maswali matatu kwa pamoja: kama una haki ya kughairi, kama inafaa ughairi, na namna ya kughairi. La tatu ndilo linalokukosesha usingizi, lakini la pili ndilo zito. Naanza na la kwanza kwa sababu ni jepesi, na kwa sababu saa inakwenda.

Una haki. Aliyekwambia utafungiwa amechanganya mambo mawili. Mkataba unaoukubali unapojisajili NRMP, wanaoendesha Match, unakubana kwenye matokeo. Ukishathibitisha orodha yako ya programu, mwishoni mwa Februari au mapema Machi, kisha ukapangwa mahali, huna budi kwenda. Kukubali usaili hakujafika huko. Wiki mbili ulizozisikia zipo, ila ni desturi ya adabu inayopendekezwa kwa waombaji, na ukiivuka hujavunja mkataba wa Match. Unachovunja ni ahadi kwa watu waliokupangia siku yao, na jambo hilo lina namna yake ya kutengenezwa.

Shauri la kudai msiba liache kabisa. Sizungumzii dhambi tu, ingawa hilo nalo lipo. Mratibu wa programu mwenye utu atakujibu kwa rambirambi na kukupa tarehe nyingine, nawe utakuwa umeomba kutoka ukajikuta umerudishwa ndani kwa uongo. Baada ya hapo kila ujumbe ni lazima uulinde ule wa kwanza. Na siku utakapofiwa kweli katikati ya msimu, utakuwa umeshalitumia neno hilo. Kughairi hakudai sababu. Sentensi moja isiyo na sababu ni ya heshima kuliko kisa kirefu cha kubuni.

Kutoingia kwenye video bila neno ndilo shauri baya zaidi ya yote. Mumeo amelitoa kwa nia njema, kwa sababu kwake usaili wa video ni kama simu isiyopokewa. Upande wa pili hauko hivyo. Wewe unafahamu orodha ya upasuaji: mgonjwa asiyefika na asiyetuma neno anaacha meza tupu asubuhi nzima, na huku wodini yupo mwingine aliyengojea miezi. Usaili nao ni vivyo hivyo. Siku hiyo walimu watatu au wanne wamefungiwa saa zao za kliniki. Kila mmoja amepewa faili lako, akasoma barua zako za mapendekezo na maelezo yako binafsi. Mratibu amepanga vyumba vya video, zamu za kuhamisha waombaji kutoka chumba hadi chumba, na daktari aliyeko mafunzoni wa kuzungumza nawe. Asiyetokea anaacha tundu katika ratiba hiyo, na mratibu anatumia nusu saa kumpigia simu na kumwandikia, akidhani ana shida ya mtandao.

Sasa tazama kinachotokea ukighairi mapema. Programu huwa na orodha ya kungojea, kama ile iliyokuwekea jina Maryland. Nafasi ikiachwa, aliye kwenye orodha anaarifiwa, mara nyingine na mfumo wenyewe bila mkono wa mtu, na anayewahi ndiye anayeipata. Lakini mtu huyo anahitaji muda. Ni lazima auone ujumbe, abadilishane zamu, aisome programu, atafute chumba kimya. Akipewa siku mbili za kazi anaweza. Akipewa saa mbili hawezi, hasa kama naye yuko Lagos au Karachi na kwake ni usiku wa manane. Kwa hiyo uungwana wa kughairi unapimwa kwa saa unazomwachia mwenzako asiyekujua. Utamu wa maneno ya kuomba radhi unakuja mbali nyuma yake. Barua nzuri iliyotumwa Jumapili haina thamani ya mistari minne iliyotumwa leo.

Na leo ina maana gani? Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapojikwaa. Tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ohio na Maryland ziko nyuma yetu kwa saa nane. Kabla ya hapo zilikuwa saa saba. (Kama uliandika saa ya usaili kwenye kalenda mwezi wa Oktoba kwa kuhesabu vidole, ihakiki.) Ulipoandika swali saa mbili usiku, Ohio ilikuwa saa sita mchana, na ofisi iko wazi mpaka saa saba usiku kwetu. Kesho itafunguliwa saa kumi jioni ya Mombasa na kufungwa saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi. Kisha kimya mpaka Jumatatu saa kumi jioni, ambayo ndiyo saa ya usaili wenyewe. Wewe unaona siku tatu na ushei. Ofisi ya Ohio imebakiwa na saa kumi na nne za kazi. Ukilala leo ukasema utaandika kesho ukitoka zamu, umetupa tano kati ya hizo.

Hata hivyo, usiandike bado. Tuingie kwenye swali la pili, na ulijibu kwa saa moja, si kwa siku mbili.

Jiulize hivi: Machi ukifungua ujumbe ukakuta umepangwa Ohio na si kwingine, utapanda ndege, au ni afadhali ukae mwaka mwingine uombe tena? Kama utapanda ndege, Ohio ina thamani kwako hata kama si kipenzi chako, na kuighairi kunakupunguzia kitu. Kama kwa dhati hutakwenda, iachie leo hii, bila kujilaumu.

Wengi huhofu kwamba kuwa na programu wasiyoipenda sana kwenye orodha kutawaharibia ile wanayoipenda. Haiwezekani, na inafaa uelewe kwa nini. Kompyuta ya Match inaanza na orodha yako. Inakupeleka kwa chaguo lako la kwanza. Kama programu hiyo imekuorodhesha na ina kiti, unashikiliwa pale kwa muda. Akija mwombaji ambaye programu imemweka juu yako na viti vimejaa, unatolewa, kisha unapelekwa kwa chaguo la pili, halafu la tatu, hadi mwisho wa orodha. Mtambo huu umefanya kazi hivyo tangu 1998, ulipoundwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson. Mwaka 2012 Roth na Lloyd Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa elimu hii ya kuoanisha watu na nafasi. Maana yake kwako ni kwamba Ohio ikiwa ya saba katika orodha haitaguswa mpaka zile sita za juu zimekukosa. Haikupunguzii Maryland hata chembe. Inakuwa tu ngazi moja zaidi kabla ya kuangukia chini.

Na ngazi hizo kwa mwombaji wa kutoka nje si nyingi. Katika Match ya 2024, waombaji wasio raia wa Marekani waliosomea udaktari nje ya nchi hiyo walipangwa asilimia 58.5, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya huko vinavyotoa shahada ya MD wakapangwa asilimia 93.5. Usaili saba si utajiri wa kugawa. Ndiyo maana nasita ninapomsikia mtu wa hali yako akizungumzia kughairi kana kwamba anapunguza mzigo.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa Ohio, iandikie Maryland. Ahadi ya kwanza ndiyo yenye haki, na aliyekuja wa pili ndiye wa kuombwa asogee. Programu nyingi zina tarehe kadhaa hadi Januari. Waandikie usiku huu: umefurahi, unataka kuhudhuria, tarehe 8 una miadi usiyoweza kuisogeza, je, wana siku nyingine yoyote? Usitaje kwamba miadi hiyo ni usaili wa Ohio. Nao hawaruhusiwi na taratibu za Match kukuuliza umeitwa wapi kwingine, basi usiwape kwa hiari kitu wasichokiomba. Kama mwaliko wa Maryland unasema nafasi ni ya anayewahi, kubali kwanza, kisha uombe tarehe dakika hiyohiyo. Kushika nafasi mbili za saa moja ni vibaya, lakini kuzishika kwa saa tatu huku ukitafuta suluhisho si sawa na kuzishika kwa wiki mbili ukingoja moyo uamue.

Kuna jambo la pili la kuangalia kabla hujaipa Maryland kipaumbele, nalo ni viza. Soma ukurasa wao: je, wanakubali J-1, viza ya mafunzo, ambayo mdhamini wake kwa madaktari ni ECFMG, shirika linalohakiki vyeti vya waliosomea nje ya Marekani? Je, wanatoa H-1B, viza ya kazi, ambayo itakudai uwe umefaulu Step 3, ngazi ya tatu ya mtihani wa leseni ya udaktari wa huko? Kuna programu zinazomwita mwombaji kwenye usaili na hazidhamini viza yoyote, kwa sababu tu faili halikuchujwa vizuri. Kuiacha Ohio yenye J-1 kwa Maryland isiyo na viza ni hasara ambayo kaka yako hawezi kuifidia. Ama kuhusu kaka mwenyewe, usione haya kumhesabu. Mafunzo ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu, na kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne. Kuwa na nyumba ya ndugu dakika chache kutoka hospitali, wakati wa baridi na zamu za usiku, ni sababu halali kabisa ya kuiweka programu juu. Ni sababu ya kuiweka juu, lakini bado haijawa sababu ya kuifuta nyingine.

Tuseme Maryland wamejibu kwamba hawana siku nyingine, viza yao ni sawa, nawe umeamua. Sasa ndipo unaiachia Ohio, na mpangilio ni huu. Hakikisha kwanza kwamba nafasi ya Maryland imethibitishwa kwa maandishi, kwa barua pepe au kwa kuonekana kwenye ratiba yako katika mfumo wa miadi. Papo hapo fungua mwaliko wa Ohio wa Oktoba uusome upya. Mara nyingi maelekezo ya kughairi yamo humo: wengine wanataka ubonyeze kitufe, wengine wanataka barua pepe, wengine wanasema wazi kwamba chini ya siku kadhaa lazima upige simu. Kama miadi ilifanywa kwa Thalamus au mfumo wa namna hiyo, jaribu kughairi mlemle, lakini soma jina la programu na tarehe mara mbili kabla ya kubonyeza, maana ukiwa na kurasa mbili wazi na macho ya usiku ni rahisi kuifuta Maryland. Kuna programu zinazokifunga kitufe hicho siku zinapokaribia. Ukikuta kimefungwa, barua pepe ndiyo njia.

Barua hiyo mpelekee mratibu wa programu. Mkurugenzi yuko wodini, ataiona jioni, naye atampelekea mratibu huyohuyo. Usijibu ujumbe uliotumwa na mashine, kwa kuwa anwani nyingi za namna hiyo hazisomwi na mtu. Na usichanganye kughairi usaili na kuondoa maombi kwenye ERAS. Hicho ni kitendo kingine, hakitanguki kwa kubonyeza, na ada uliyolipa hairudi. Fanya hivyo tu kama huitaki programu hiyo tena msimu huu kwa namna yoyote.

Sasa maneno yenyewe. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwamba barua isiyo na salamu ndefu ni ufidhuli. Tunauliza hali, tunaombea heri, tunaomba radhi mara tatu, kisha ndipo tunafika penye shina. Kwa mratibu wa Marekani mwenye barua mia mbili, adabu hiyo inageuka kero, kwa sababu neno analolihitaji limefichwa aya ya nne na huenda asilifikie. Kwake heshima ni kuliona jambo kabla hata hajafungua barua. Kwa hiyo kichwa cha barua kiwe: kughairi usaili wa tarehe 8 Desemba, jina lako kamili kama lilivyo ERAS, na namba yako ya AAMC, ile ya utambulisho wa mwombaji. Mwili utauandika kwa Kiingereza, lakini ubebe haya na yasizidi:

"Naandika kughairi usaili wangu wa Jumatatu, 8 Desemba, uliopangwa kuanza saa mbili asubuhi kwa saa za Mashariki ya Marekani. Tafadhali mpeni mwombaji mwingine nafasi hii sasa hivi, bila kungoja neno zaidi kutoka kwangu. Sitahudhuria pia kikao cha jioni pamoja na madaktari walioko mafunzoni. Naomba radhi kwa kuwaarifu kwa muda mfupi, na nawashukuru kwa muda mliotumia kuyasoma maombi yangu."

Kisha jina, namba ya AAMC na simu. Basi. Sentensi ya pili ndiyo roho ya barua, kwa sababu inamruhusu mratibu kuchukua hatua bila kukuuliza kama una uhakika. Sentensi ya tatu husahaulika sana. Kikao kile cha jioni mara nyingi huwa siku moja kabla ya usaili, na saa kumi na mbili jioni ya Jumapili kwao ni saa nane usiku kwetu. Wewe utakuwa umelala, nao wanakungoja kwenye video. Ukitaja siku, taja na tarehe na majira ya saa. Kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na wao hawaujui usiku huo.

Kama jibu lako la lile swali la Machi lilikuwa "nitapanda ndege", badilisha sentensi ya kwanza tu. Sema huwezi kuhudhuria tarehe 8, na kwamba kama kuna siku nyingine iliyobaki msimu huu utashukuru kupewa. Lakini ile ya pili ibaki vilevile: nafasi ya Jumatatu wampe mwingine sasa. Wengi huandika "naomba kubadilishiwa tarehe" wakaishia hapo, na mratibu hajui kama kiti kimeachwa au bado kinashikiliwa. Anangoja, nawe unangoja, na aliye kwenye orodha ya kungojea anapita Ijumaa nzima bila habari. Ukiandika hivi, elewa kwamba wanaweza kukujibu hawana siku nyingine, na hapo Ohio imekwenda. Ndiyo bei yake, ilipe kwa macho wazi.

Ikifika kesho saa kumi na moja jioni, yaani saa tatu asubuhi ya Ohio, na hujapata jibu, piga simu. Namba ipo kwenye mwaliko au ukurasa wa programu. Anza na +1. Piga kati ya saa hiyo na saa nne usiku, huwa wapo. Ukiangukia kwenye mashine ya kurekodi, sema polepole, taja jina lako la ukoo herufi moja moja, taja namba ya AAMC mara mbili na tarehe ya usaili, useme unaghairi. Usianze na historia. Jibu likija, hata la neno moja, lihifadhi. Kimya si uthibitisho, na kuna watu walioghairi kwa barua iliyoingia kwenye takataka wakahesabiwa kuwa hawakutokea.

Kuhusu rafiki yako wa Likoni, hapana, nafasi haihamishiki. Mwaliko umefungwa kwenye namba yako ya AAMC, na anayechagua wa kufuata ni programu. Usimtaje kwenye barua yako ya kughairi, hata kwa wema. Itaonekana kama unaweka masharti ya kuondoka, na yeye ataonekana ametumwa. Anachoweza kufanya ni kuandika mwenyewe, kwa jina lake, mistari michache kwamba bado anaitaka programu ile, na kitu kimoja mahususi kinachomvuta kwao, na kwamba yuko tayari hata akipewa nafasi kwa muda mfupi. Kumwambia aandike leo si kosa. Ila mwambie ukweli pia: huenda wameshamkataa na orodha yao ina watu kumi mbele.

Umeuliza kuhusu jina lako. Nakupa ninavyoamini. Kughairi kwa barua safi siku mbili za kazi kabla, kwa mara moja, hakutakufuata. Waratibu wanapokea za namna hiyo kila wiki ya msimu. Asiyetokea bila neno ndiye anayekumbukwa, na zipo njia tatu za kukutana tena na watu haohao. Ya kwanza ni wiki ya Match yenyewe: ukikosa nafasi, unaingia SOAP kutafuta viti vilivyobaki, na Ohio inaweza kuwa na kimoja. Ya pili ni mwakani, ukilazimika kuomba upya. Ya tatu ni miaka mitatu ijayo utakapoomba ubingwa mdogo wa moyo au figo, kwa walimu ambao huwa wanahama kutoka hospitali moja hadi nyingine. Kwa ajili ya milango hiyo mitatu, simu ya dakika mbili si kazi.

Kama haya yangetokea Jumatatu asubuhi badala ya leo, shauri langu lingebadilika. Chini ya saa ishirini na nne nafasi hiyo haitajazwa, na walimu wameshasoma faili. Hapo, ikiwa una hata nia ndogo ya kuiweka programu kwenye orodha, hudhuria kwa moyo wote. Ikiwa huna kabisa, piga simu kwanza kisha uandike, hata kama imebaki nusu saa. Na stima ikipotea kweli saa kumi kasoro dakika tano, hiyo si kughairi. Ni dharura, na wanaielewa ukiwaambia mara moja. Weka namba ya mratibu kwenye karatasi mezani, simu yenye bando tayari kushiriki intaneti, na kompyuta iliyojaa chaji. Ukiunganishwa tena baada ya dakika kumi watakupanga upya siku hiyohiyo ikiwezekana.

Yapo mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa maandishi na mtu asiyekuona. Kama kuna jambo kwenye rekodi yako ya viza, kukataliwa zamani kwa mfano, kaa na wakili wa uhamiaji kabla ya kuchagua kati ya programu kwa kigezo cha viza. Kama unafiwa au unaugua kweli katikati ya haya, mwombe mtu wa karibu akuandikie ile barua, kisha umwendee ana kwa ana mwalimu wako wa chuo au mmoja wa walioandika barua zako za mapendekezo, kwa sababu neno lake kwa programu lina uzito ambao lako peke yake halina. Na kama unachotamani kwa kweli ni kughairi kila kitu, kwa sababu ya miezi ya zamu za mchana na usaili wa usiku, hulali, huli, unalia bila sababu, basi tatizo si Ohio. Muone daktari mwenzako wiki hii, kama mgonjwa.

Kwa sasa ni Maryland kwanza, usiku huu, kabla ya saa saba. Wakikujibu na tarehe nyingine, ikubali papo hapo, kisha uzime simu ulale. Ohio itabaki pale pale, Jumatatu saa kumi jioni. Wasipojibu hadi kesho saa kumi na moja jioni, wapigie simu wao kwanza, na kabla hujaikata uwe umeshaifungua barua ya Ohio tayari kuituma.